Kilichounga Ndicho Kilichotenga: Ishara za Upweke katika Riwaya ya Tanzia

Mwanafunzi anapoulizwa ni ishara zipi zinazojenga dhamira ya upweke katika riwaya ya tanzia, mara nyingi huanza kusaka vitu vilivyojitenga: mti uliosimama peke yake uwandani, nyumba iliyofungwa madirisha, usiku wa mvua, ndege aliyeachwa na kundi. Jibu la namna hiyo huenda likampatia alama za mtihani, lakini haliifikii kazi yenyewe. Riwaya za tanzia zilizoandikwa Tanzania katika miaka ya 1970 ziliuweka upweke mahali pengine kabisa. Ziliuweka kwenye barua, kwenye urithi, kwenye kichwa cha mtoto mchanga, kwenye shamba. Hivi ni vitu ambavyo watu hufikiana kwavyo: barua hupeleka neno la mmoja kwa mwingine, urithi huwafunga wafu na walio hai, mtoto huunganisha koo mbili, na shamba hulisha nyumba nzima. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba ishara ya upweke hupata nguvu pale kitu kilichokusudiwa kuunga kinapogeuka kuwa cha kutenga, na kwamba mgeuko huo ndio unaoifanya hadithi iwe tanzia, isiwe masikitiko matupu. Nitaitetea kwa kuzisoma riwaya tatu za Euphrase Kezilahabi na moja ya C. G. Mung'ong'o kwa macho ya Mbeya na Iringa, huko Nyanda za Juu Kusini, kwa kuwa historia ya nyanda hizo imeyaishi mambo ambayo riwaya iliyaandika.

Tuanze na upweke wenyewe. Katika miji mikubwa ya Ulaya, ambako riwaya ya mtu mpweke ilistawi, mtu aliweza kukaa peke yake mwaka mzima na jirani asiulize. Nyanda za Juu Kusini hazikumpa mtu nafasi hiyo. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe katika miaka ya 1930, na kitabu alichokitoa Monica mwaka 1951 kilieleza kwa kina vijiji vya rika: wavulana walitoka katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja, na kadiri walivyooa vibanda vile vikawa kijiji kamili cha watu wa umri mmoja. Kula na wenzako, kunywa na wenzako na kuzungumza nao kulihesabiwa kuwa ndiko kunakomfunza mtu utu. Maadili hayo yana upande wa pili ulio mkali. Anayekula peke yake hutiliwa shaka, na anayefanikiwa bila kugawa hutiliwa shaka zaidi. Methali inayojulikana kila kinaposemwa Kiswahili imelitamka jambo hilo bila kuficha: mkataa wengi ni mchawi. Kwa hiyo upweke huku haukuwa hali ya moyo peke yake, ulikuwa shtaka. Mwandishi anayetaka kumwonyesha mtu aliyetengwa hana haja ya kumpeleka jangwani. Inatosha amweke katikati ya watu, kisha aonyeshe kata ya pombe ikizunguka na kumruka.

Historia ya Iringa ina ishara moja inayoonyesha mgeuko ninaousema hata kabla riwaya hizi hazijaandikwa. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikishinda kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski huko Lugalo mwezi Agosti 1891. Akaipoteza ngome yake ya Kalenga mwishoni mwa Oktoba 1894, kisha akaishi karibu miaka minne akiwindwa porini huku wafuasi wakipungua, hadi alipojiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Kichwa chake kilichukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza fuvu lirudishwe, lakini halikurudi hadi 1954, Gavana Edward Twining alipolikabidhi kwa Wahehe. Leo fuvu limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga, na kaburi liko Mlambalasi. Ngome ilijengwa ili kuwakusanya watu ndani ya ukuta mmoja, na ilipovunjwa watu walitawanyika. Kichwa cha mtawala kilikuwa mahali ambapo koo nyingi zilikutana, na adui aliyekibeba ng'ambo ya bahari alijua hasa anachokitenganisha. Hata baada ya kurudi, kichwa na mwili vimebaki mahali pawili. Si ajabu kwamba M. M. Mulokozi aliiona tanzia katika habari hii na kuiandikia tamthiliya, *Mukwava wa Uhehe*, iliyotoka mwaka 1979. Kwa hoja yetu, jambo la kushika ni moja: kinachouma katika ishara hii ni kumbukumbu ya kile ambacho kichwa kilikuwa kikiunganisha. Fuvu la mtu asiyeunganisha chochote lingekuwa mfupa tu.

Tukiingia katika riwaya, *Mirathi ya Hatari* ya Mung'ong'o, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1977, inatupa mfano ulio karibu zaidi na nyanda hizi. Gusto, kijana aliyepata elimu ya shule, anarithishwa uchawi na baba yake aliye mahututi. Ishara kuu ya riwaya imewekwa katika jina lake: mirathi. Katika jamii yoyote ya Kibantu urithi ni daraja kati ya vizazi. Mtoto hupokea mji, mifugo, jina na wajibu, na kwa kuvipokea anakuwa mtu mwenye mahali pake. Gusto naye anapokea, na kwa kupokea anatimiza wajibu wa mwana kwa baba. Ila alichopokea ni siri isiyogawika. Elimu ya shule ilikuwa imeshamweka mbali kidogo na wanakijiji wasiosoma, na sasa urithi unamweka mbali na wasomi wenzake pia, kwa kuwa hawezi kuwaeleza anachokijua. Angeukataa urithi angemkana baba. Ameukubali, na sasa amejitenga na wengine wote. Ni hapa tanzia inapozaliwa. Hakuna njia ya tatu, na kila njia kati ya mbili zilizopo inakata uhusiano mmoja kwa jina la uhusiano mwingine. Riwaya ingeonyesha kijana mwovu aliyeutafuta uchawi kwa tamaa tungemhukumu na kuendelea na safari zetu. Kwa kuwa imeonyesha mtoto anayepokea kutoka mkononi mwa baba, ishara ya kuunganika inakuwa ndiyo mlango wa kutengwa.

*Rosa Mistika*, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971 na baadaye kupigwa marufuku shuleni kwa muda, inaanzisha jambo hilohilo kwa kitu kidogo zaidi: barua. Rosa ameandikiwa na Charles, barua inaangukia mikononi mwa baba yake, Zakaria, mlevi asiyeitunza familia yake, na binti anapigwa kipigo cha kikatili. Barua ni chombo cha kumfikia mtu, lakini tangu siku ile kila kinachotoka kwa mwanamume kumjia Rosa kinabeba harufu ya fimbo. Anapokwenda shule ya bweni Mwanza anawaogopa wavulana. Anapoanza kuwakaribia hana kipimo, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuzungumza naye kuhusu mapenzi ila kwa kupiga. Jina lake nalo ni ishara ya pili, limetoka katika litania ya Bikira Maria. Jina la ubatizo humwingiza mtu katika jumuiya ya waumini, lakini jina hili linamwekea Rosa kipimo ambacho jumuiya itakitumia kumtoa. Charles anaporudi na kutaka kumwoa, ubikira ndio unaoulizwa, na jibu linapokosekana Rosa anaachwa, kisha anajiua. Tazama mpangilio wake: barua ya mwanzo na ahadi ya ndoa ya mwisho zimetoka kwa mtu mmoja. Mkono uliokuwa wa kwanza kumnyooshea Rosa ndio wa mwisho kumsukuma. Kezilahabi hakuhitaji kumweka Rosa katika chumba cha giza ili tuuone upweke wake. Amemweka katikati ya familia, shule, chuo na kanisa, na kila taasisi kati ya hizo imemshika kwa namna inayomfanya asishikike na nyingine.

Katika *Kichwamaji*, ya mwaka 1974, ishara imehamia mwilini. Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu, anarudi kwao Ukerewe na kukuta kwamba hawezi tena kuzungumza na wazazi wala vijana wa kijiji kama mtu aliye nyumbani. Elimu iliyotarajiwa kumfanya taa ya ukoo imemfanya mgeni. Manase, mwenzake aliyesoma naye na kupata madaraka, amemharibia maisha Rukia, dada wa Kazimoto. Kazimoto anapanga kulipiza kisasi kwa kumwendea Sabina, dada wa Manase, lakini kisasi kinageuka kuwa mapenzi na ndoa. Mtoto anayezaliwa ana kichwa kikubwa kupita kiasi, matokeo ya ugonjwa wa zinaa, na hadithi inaishia kwa Kazimoto kujipiga risasi. Wahakiki wengi wamekisoma kichwa hicho kuwa ni elimu ya kikoloni iliyovimba bila mwili wa kuibeba, na usomaji huo una haki yake. Lakini naona haujakamilika. Kichwa hicho ni cha mtoto, na mtoto ndiye kiungo cha mwisho kilichobaki kwa Kazimoto. Dada amekufa, mazungumzo na wazee yameshindikana, urafiki na Manase umeoza. Katika ndoa na Sabina kulikuwa bado na uwezekano wa kuzifunga nyumba mbili zilizochukiana, na mtoto angekuwa fundo lenyewe. Alama iliyo juu ya kichwa chake inawaunganisha Kazimoto na Manase kweli, kwa kuwa chanzo cha ugonjwa ni kilekile, ila inawaunganisha katika aibu ambayo hakuna anayeweza kuitamka mbele ya mwenzake. Elimu iliyovimba inaeleza kwa nini Kazimoto ni mpweke. Mtoto anaeleza kwa nini upweke huo haukuwa na tiba.

Riwaya inayotuletea hoja hii hadi mlangoni mwa Iringa ni *Dunia Uwanja wa Fujo*, ya mwaka 1975. Tumaini, kijana aliyeachiwa mali na wazazi, anaitapanya, anatangatanga, kisha anatulia na kuwa mkulima tajiri mkoani Shinyanga. Siasa ya Ujamaa inapofika na shamba lake kutakiwa kutaifishwa, anamuua kiongozi wa serikali aliyekuja kuitekeleza, na anahukumiwa kifo. Shamba hapa ni ishara yenye nyuso mbili. Kwa Tumaini ndilo lililomtoa katika uzururaji: kwa mara ya kwanza ana mahali, ana kazi, watu wanamtegemea kwa ajira. Kwa jamii inayojengwa upya, shamba hilohilo ni ushahidi kwamba mtu mmoja amejichukulia kilicho cha wengi. Ujamaa wenyewe, uliotangazwa katika Azimio la Arusha mwaka 1967, ulikuwa mwito wa kuunganika, na ungeweza kumwita Tumaini ndani. Ila mwito ulimfikia kwa sura ya amri. Kwa hiyo pande zote mbili zimeshika kitu cha kuunganisha, mmoja ardhi na mwingine falsafa ya undugu, na vitu hivyo viwili vinapokutana kinachobaki kati yao ni bunduki.

Wasomaji wengi wameuhusisha mwisho huo na tukio la Isimani, kaskazini mwa mji wa Iringa. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, alikwenda Mkungugu katika shamba la Said Mwamwindi, mkulima wa mahindi. Yalitokea majibizano, Mwamwindi akampiga risasi, akaupakia mwili katika gari la Klerruu mwenyewe, akauendesha hadi kituo cha polisi mjini na kujisalimisha. Mahakama Kuu ilimhukumu kifo mwaka 1972, naye akanyongwa. Masimulizi ya tukio hilo huyataja pia makaburi ya ukoo yaliyokuwa shambani pale. Sina nia ya kusema kwamba Tumaini ni Mwamwindi, maana riwaya ina nchi yake na watu wake. Ninachosema ni kwamba ishara za kweli za Isimani zinafuata mantiki ileile. Trekta na mahindi viliwaleta watu pamoja katika nchi iliyofunguliwa kwa kilimo kikubwa, na vikawatenga wenye ardhi na vibarua wao. Kaburi la mzazi humfungamanisha mtu na udongo, na likawa sababu ya kutoweza kuachia hata kipande. Sikukuu ni siku ya kukaa na watu, na siku hiyo watu wawili walikutana kwa ajili ya kutengana milele. Na gari lile moja likawabeba muuaji na aliyeuawa kwa njia moja kuelekea Iringa. Leo mjini Iringa kuna Chuo cha Ualimu Kleruu, na jina la Mwamwindi linaendelea kutajwa na wakulima. Jamii haijaamua bado ni nani kati ya hao wawili aliyekuwa mkataa wengi, na kutokuamua huko ndiko kunakolipa tukio uzito wa tanzia.

Pingamizi la kwanza litasema kwamba upweke huu ni wa kuazima. Kezilahabi alisoma falsafa ya Ulaya, athari ya waandishi kama Albert Camus imetajwa mara nyingi, na kwa hiyo Kazimoto ni mgeni aliyevalishwa kanzu. Ni kweli kwamba swali la maana ya maisha analoliuliza Kazimoto lina mwangwi wa falsafa hiyo. Lakini angalia ishara zinavyofanya kazi. Mhusika mkuu wa Camus katika *L'Étranger*, riwaya ya mwaka 1942, hajali msiba wa mama yake, na ukavu wake ndio upweke wake. Kazimoto, Rosa, Gusto na Tumaini wanajali mno. Wanatenda kwa ajili ya dada, baba, mchumba, nyumba, na kila tendo la kujali linawatoa nje zaidi. Huo si upweke wa mtu asiye na vifungo. Ni wa mtu mwenye vifungo vingi vinavyovutana. Jamii ya vijiji vya rika ingeuelewa mara moja. Mwandishi anaweza kuazima swali kutoka mbali, na bado jibu likawa la kwao.

Pingamizi la pili lilitolewa na wahakiki wa mrengo wa kijamaa: kuusifu upweke wa watu hawa ni kusahau tabaka. Rosa ameangamizwa na mfumo dume na umaskini, Tumaini ni kabaila mdogo anayelilia mali, na tanzia inayomwonea huruma inawapumbaza wasomaji. Hoja hii ina ukweli ambao uchambuzi wa ishara haupaswi kuukwepa. Tanzia ya Isimani haielezeki bila kuangalia nani alikuwa na ekari ngapi na nani alimlimia nani. Hata hivyo, usomaji ninaoupendekeza haulifuti tabaka, unalionyesha likiingia ndani ya vitu vya kila siku. Shamba linatenga kwa sababu limegawanywa kwa dhuluma. Barua inatenga kwa sababu baba ana mamlaka ya fimbo. Mhakiki anayeruka moja kwa moja hadi kwenye tabaka anajua chanzo cha maumivu, lakini hawezi kueleza kwa nini msomaji asiye na shamba hata moja anamlilia Tumaini. Anamlilia kwa sababu naye ana kitu cha kuunganisha ambacho anaogopa kitageuka mkononi mwake.

Pingamizi la tatu linauliza kama kanuni hii si pana mno, kwa kuwa karibu kila kitu maishani huunganisha watu kwa namna fulani. Jibu liko katika mpangilio wa hadithi. Kitu kinastahili kuitwa ishara ya upweke ikiwa riwaya imekionyesha kikiunga kwanza, au ikiahidi kuunga, kisha ikakirudisha kikitenga, na mgeuko huo ukabadilisha hatima ya mhusika. Barua ya Charles inapita kipimo hicho. Mvua inayonyesha siku ya msiba haipiti. Kipimo kinafanya kazi hata nje ya Tanzania: katika riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1973 kwa jina la *Shujaa Okonkwo*, panga la Okonkwo linalinda heshima ya kijiji, kisha ndilo linalomwacha peke yake kijiji kinapokataa kupigana. Mwishoni mwili wake haugusiki na watu wa ukoo wake, kwa kuwa kujiua ni mwiko, na wageni ndio wanaoombwa kumzika. Mkono wa jamaa unaopaswa kumzika mtu ndio unaozuiwa kumgusa.

Basi kwa walimu wa fasihi wa Sangu, Loleza na Lugalo, na kwa wanaoandaliwa kufundisha katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, ombi langu ni la kazi. Acheni kuwapa wanafunzi orodha ya ishara na maana zake za kukariri. Wapeni maswali matatu: kitu hiki kilipaswa kumuunganisha nani na nani? Kiligeuka katika ukurasa gani? Nani alikuwa na uwezo wa kukirudisha katika kazi yake, na kwa nini hakufanya hivyo? Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa sababu linamtoa msomaji katika kuwahukumu Rosa, Gusto, Kazimoto na Tumaini na kumfikisha kwa wale waliowazunguka. Riwaya hizi za tanzia zimetuachia hukumu iliyo wazi: mtu hatengwi na ukosefu wa watu, hutengwa na watu walioshika kiungo mkononi wakakitumia kama fimbo.